Gari Lililonuka Chipsi

Mwanangu Wandera,

Tumekaa nyumba moja miaka kumi na minane na sijawahi kukuandikia barua. Hata maneno ya mdomo hunitoka kwa shida, hilo unalijua. Lakini kesho unapanda basi la Nairobi, na nina jambo ambalo siwezi kulisema nikikutazama. Jana nilijaribu ulipokuwa unanyoa ndevu. Leo asubuhi nilijaribu tena, ukaniuliza, "Mama, mbona umesimama mlangoni kama mgeni?" Nikasema natafuta ufagio. Ufagio nilikuwa nimeushika mkononi.

Mtu mwingine akiiokota karatasi hii atashangaa binti kumwita baba yake mwanangu. Mama yako, Taaka, alifariki nikiwa bado tumboni. Nilipozaliwa ulinipa jina lake, na tangu hapo hujalitamka, kwa sababu kwetu Wasamia mtu halirushirushi jina la mama yake. Unaniita mama, mbele ya wageni, mbele ya walimu, mbele ya padri. Nilipokuwa mdogo nikivunja kikombe, na mkeo, yaani mama aliyenizaa, akachuma fimbo, ulikuwa unasimama katikati yetu: "Nani ampige mama yangu mimi nikitazama?" Yeye alikuwa anacheka na kuitupa fimbo. "Basi fundisha mama yako kushika vikombe."

Heshima hiyo ndiyo iliyotuangusha, na ni mimi niliyeitumia vibaya. Nakuambia mapema ili usisome kwa kutafuta: asubuhi ile gari lilipokataa kuwaka, kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nilikudanganya, na nimeendelea kukudanganya miezi minane. Nimechelewa kwa sababu sijui kama ukishajua utaendelea kuniita mama.

Sitakuambia ule vizuri wala uchunge simu yako stendi. Una miaka arobaini na mitatu, na maneno ya namna hiyo wewe ndiye uliyeniambia mimi nilipokwenda bweni. Mimi nina kosa moja la kukusimulia.

Nianze na gari, maana lilikuwa lako kabla mimi sijawa wako. Baba yako alikuachia gari la Kifaransa la dizeli, rangi ya maziwa, lililotengenezwa kabla hujazaliwa. Yeye alilibebesha abiria kati ya Busia na Tororo. Wewe ukalibebesha maharusi. Hapa Bulumbi bibi harusi aliyeshuka kanisani kutoka gari jingine alionekana kama ameolewa kwa haraka.

Nilipofika Senior Three nilijiunga na klabu ya mazingira. Haikuwa kwa kupenda mazingira. Klabu ya midahalo ilitaka watu wanaosema. Lakini nikayapenda baadaye, na niliporudi likizo nilikuja na daftari nikaanza kukuhukumu. Nilikuuliza oili chafu unaipeleka wapi. Ukanionyesha bila aibu: nusu unawapa majirani wapake nguzo zao zisiliwe na mchwa, nusu unamwaga mferejini nyuma ya jiko. Nilikufuatisha ule mfereji hatua kwa hatua mpaka chini, kwenye chemchemi tunakochota maji. Nilikuonyesha tu utando wa rangi rangi juu ya maji, pale ambapo mkeo alikuwa anainamia na mtungi.

Uliacha siku hiyo hiyo. Oili chafu ukaanza kuihifadhi kwenye majerikeni, ukaipeleka kwa yule mtu wa Tororo anayeikusanya. Chini ya injini ukatega sufuria kuukuu ipokee kila tone. Betri zilizokufa ukazirudisha dukani zikiwa nzima, badala ya kuzipasua kwa shoka kama wenzako. Majirani walikasirika. Mmoja alikuja na kopo lake tupu akakukuta unafunga jerikeni.

"Wandera, siku hizi oili natoka kwa kibali ya mtoto?"

"Si mtoto. Ni mama."

"Basi mwambie mama yako aje akule mchwa ya nguzo yangu."

Ulicheka. Mimi nilikuwa dirishani, na nilijisikia mkubwa. Kiburi changu cha kwanza kilizaliwa dirishani pale.

Cha pili kilizaliwa shuleni. Nilikuwa nimekushauri uliuze gari, ununue la karibuni lenye moshi mchache. Ukanijibu ukiwa chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana: "Mama, gari jipya nalo lilizaliwa kiwandani, na kiwanda kina moshi wake. Moshi wa kuzaliwa kwa hili uliisha zamani. Nikiliua hili, itabidi lingine lizaliwe." Kwa hiyo ukalitunza. Vioo, milango na hata kiti cha mbele ulivitoa kwenye mizoga ya magari kama lile, iliyolala nyuma ya gereji za Tororo. Safari ukazipunguza, zikabaki za harusi na moja ya kwenda Malaba kila wiki. Maneno yako niliyaandika kwenye insha. Mwalimu aliyasoma mbele ya darasa zima, akanisifu, na sikusema kwamba yalitoka chini ya gari, kinywani mwa mtu aliyeishia Primary Six.

Mafuta ya chipsi yalikuwa wazo langu. Ninalidai wazo hilo hata leo, kwa sababu lilikuwa zuri.

Unamkumbuka Akinyi, yule mama anayevuka kutoka Kenya kila asubuhi kuwakaangia chipsi madereva wa malori pale Malaba. Kila jioni alikuwa anamwaga mafuta meusi kwenye mtaro, na mtaro ule ulinuka kama mdomo wa mgonjwa. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba dizeli ya zamani kama yako inaweza kuyala mafuta hayo yakichujwa na kupashwa moto. Nilikuambia kwa kunong'ona, nikitegemea utanicheka. Ulitikisa sufuria yako ya oili, ukasema, "Mama akisema ng'ombe anataga, mtoto huandaa kiota."

Akinyi alicheka mpaka akashika kiuno. "Yaani nimepikia madereva miaka yote hii, wananiambia chumvi haitoshi. Sasa nimepata mteja asiyelalamika!"

Ulitengeneza kwa mikono yako tangi la pili, ukalizungushia bomba la shaba linaloleta maji ya moto kutoka kwenye radieta. Ukaweka koki, ikielekea kushoto injini inakunywa dizeli, kulia inakunywa mafuta ya Akinyi. Na ukanifundisha sheria. Mafuta yale yakipoa huganda kama mchuzi wa ng'ombe kwenye sahani. Kwa hiyo gari huwashwa kwa dizeli, likipata moto hupewa chipsi, na kabla ya kuzimwa ni lazima koki irudi kushoto na injini ingurume dakika tano, dizeli isafishe mabomba. Kazi hiyo uliiita kulisukutua gari. "Kama mtu anavyosukutua mdomo kabla ya kulala," ulisema.

Lilifanya kazi, mwanangu. Sitaki mtu yeyote akudanganye kuhusu hilo. Miezi saba lilikwenda na kurudi, mtaro wa Malaba ukakauka, na hukupoteza hata harusi moja. Ila moshi wake ulinuka chipsi. Waalikwa walikuwa wanashuka kanisani wakiwa na njaa. Watoto walilikimbiza wakinyoosha mikono. Wewe ulipiga honi na kuwapungia. Mimi nilikuwa nateremka chini ya kiti ili kichwa changu kisionekane.

Wazo lilikuwa langu, lakini harufu ilipokuja niliikana.

Ile Ijumaa jioni tulitoka Malaba na majerikeni manne. Ulisimamisha gari mbele ya nyumba, karibu na njia, na mkeo, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akakuita kutoka ndani kwamba mgongo unamuuma. Ulishuka ukikimbia. "Mama, geuza koki, lisukutue dakika tano, ndipo uzime."

Nilihamia kwenye kiti chako. Kabla sijaigusa koki niliwaona wanakuja, vijana wanne wa darasa letu la zamani, wametoka mazoezi ya kwaya. Gari lilikuwa linanguruma na kupumua moshi wake.

"Mnasikia hiyo? Leo nimefunga, lakini hii naua mimi!"

"Mama Chipsi! Mama Chipsi! Sahani moja, na kachumbari!"

"Yeye hasemi. Uza basi, ama unakula peke yako?"

Wakazunguka gari. Mmoja akainama nyuma kwenye bomba la moshi, akajifanya anachovya kidole na kukilamba. Wasichana wawili kati yao wakacheka hadi wakaegemeana. Hawakunigusa wala hawakunitukana. Mtu mwingine angecheka nao. Mimi nilihisi kwamba injini ikiendelea kunguruma nitakufa pale pale juu ya kiti. Dakika tano zilikuwa ndefu mno. Nikazungusha ufunguo, gari likanyamaza, na wao wakanyamaza, kwa sababu mchezo ulikuwa umeisha. Wakaenda zao.

Nilizima koki ikiwa bado kulia.

Ulitoka ndani ukifuta mikono. "Mama, umelisukutua?"

"Nimelisukutua."

Ukarudi ndani. Hukugusa koki. Wewe unayekagua hata nati zilizofungwa na fundi aliyekufundisha, wewe unayeonja chai kabla ya kuamini kwamba ina sukari, hukuigusa. Mtu haendi kufunua chungu alichofunika mama yake. Nililijua hilo nilipokuwa nasema neno lile. Ndiyo sababu nilisema kwa ufupi vile.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kufika hata katika sala. Baada ya muda kidogo nilirudi kwenye gari kuchukua kitabu changu. Koki ilikuwa inanitazama. Mafuta yalikuwa bado ya moto, ningeweza kuwasha nikalisukutua na mambo yangeisha. Lakini ungesikia injini, ungetoka, ungeuliza kwa nini nawasha tena. Basi nikaigeuza koki kushoto, kimya kimya, ili ionekane iko mahali pake. Nikafunga mlango taratibu. Nilikwenda kulala, na nililala.

Uchungu ulimshika mkeo alfajiri, mwezi mmoja kabla ya wakati wake. Mvua ilikuwa imenyesha, kulikuwa na baridi ya kushangaza. Ulizungusha ufunguo, gari likakohoa mara mbili. Ukazungusha mpaka betri ikachoka. Ukafungua boneti. Uliangalia koki kwanza, nilikuona. Iko kushoto. Ukaiacha, ukaanza kufungua pampu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nimeshika birika la maji ya moto uliyosema nimwandalie mkeo. Maji ya moto, mwanangu. Kama ningesema, "Ni mabomba, yameganda," ungeyamwagia yale maji na pengine lingewaka. Sijui. Hakuna anayejua. Lakini wewe ulifungua pampu, spana ikikuteleza kwa mvua, ukihangaika na kitu kisicho na kosa, na mimi nikatazama. Mkeo alikuwa anapiga kelele ndani. Ulinigeukia ukasema, "Mama, niombee." Nikasema, "Naomba."

Mengine unayajua. Pikipiki ilizama kwenye tope mara mbili. Mtoto alizaliwa njiani, pembeni mwa shamba la mihogo la mtu tusiyemjua, akalia mara moja, na mlipofika hospitali alikuwa ameshanyamaza.

Siku ya kumzika walikuja shemeji zako kutoka Mella. Mjomba Omoding, kaka yake mkeo, hakukaa kwenye kiti ulichompa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gari, akanusa, akarudi akasimama mbele yako, watu wote wakisikia.

"Shemeji, mimi nilikupa dada yangu. Sikukupa kiazi."

Ulikuwa unatazama chini.

"Sisi Wateso tunajua mtu anaweza kuua mtoto kwa uvivu, ama kwa pombe. Wewe umeua yako kwa chipsi. Hii sijasikia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nawe ulisema maneno haya, nayakumbuka yalivyo: "Ni kweli, shemeji. Wazo lilikuwa zuri. Mikono yangu ndiyo haikufaa." Hukunitaja. Wote walijua nani alileta mafuta ya chipsi nyumbani, lakini wewe hukumtoa mama yako mbele ya wakwe. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, mita tatu. Mdomo ulikuwa wangu, na sikuufungua.

Ningekuwa nimenyamaza tu, pengine leo ningeandika barua fupi. Lakini siku ya nne ulikuja jikoni, ukakaa kwenye kigoda kama mtoto, ukaniuliza, "Mama, unafikiri nilikosea wapi? Koki ilikuwa sawa. Ulilisukutua. Basi ni chujio langu, ama ni lile bomba la shaba." Macho yako yalikuwa mekundu. Nikaona mlango umefunguka, naweza kupita. Badala yake nilikasirika. Bado sijui hasira ile ilitoka wapi. Nilikuambia, "Ungekuwa unaangalia kazi yako vizuri, tusingekuwa hapa. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Ukasema, "Asante, mama." Ukainuka, ukaenda kuvunja lile bomba la shaba kwa nyundo.

Wiki iliyofuata mkeo alikwenda kwao Mella, akasema hawezi kulala nyumba ambayo ukifungua dirisha unaona gari lile. Basi ukalitoa dirishani. Ulimwita mnunuzi wa chuma chakavu. Walikuja watatu na mtungi wa gesi, wakalikata pale pale uani, kwa sababu hukutaka livutwe barabarani watu wakilitazama. Walianza na paa. Walipofika kwenye tangi la pili, mafuta yaliyobaki yakapata moto, na harufu ikatoka. Yule kijana wa gesi akapiga kelele, "Wazee, chakula tayari!" Wenzake wakacheka, hawakujua. Uliwaletea maji ya kunywa. Gari lililotunzwa miaka mingi kuliko umri wako liliingia kwenye lori vipande kumi na nne, likaenda kuyeyushwa liwe nondo. Nikiwa na daftari langu la mazingira chumbani, nilifikiri: hata hili ni mimi.

Kisha yule bwana wa Nairobi akapiga simu. Ana magari sita ya zamani, anayakodisha kwa harusi, na alikuwa amesikia kuhusu wewe kwa maharusi uliowabeba. Hataki kuyauza wala kununua mapya. Anataka fundi atakayeyazuia yasivuje oili na kutoa moshi mweusi, anayejua kupata vipuri kwenye mizoga. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya ukuta, nikakusikia ukimjibu, "Bwana, mikono yangu haifai tena kwa injini. Lakini kama una geti, naweza kulinda geti." Akakubali. Ndiyo kazi unayoiendea kesho. Unakwenda kukaa mlangoni ukitazama magari yale yakitoka na kuingia, na watu wasioyajua wakiyatengeneza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sina siku nyingine.

Leo nilikuambia nakwenda Tororo kufuata karatasi za shule. Nilikwenda Mella. Mkeo alikuwa uani anapeta ulezi. Nilisimama, sikukaa, nikamwambia yote: kwaya, koki, birika, jikoni. Aliendelea kupeta mpaka ungo ukaisha. Ndipo akauliza.

"Baba yako najua?"

"Bado."

"Kwa hivyo mimi nimekaa hapa miezi minane, nalaani mtu bure."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa nakuja kila mwezi. Ulikuwa nakula chakula yangu. Ulikuwa nanisuka nywele."

"Ndiyo."

Alimimina ulezi kwenye kikapu, akaufunika. "Ondoka. Si hasira. Nataka tu nisikuone."

Nikamuuliza kama atarudi nyumbani, sasa kwa kuwa amejua.

"Kwa nani?" akasema. "Yeye naenda. Anayebaki ni wewe."

Mjomba Omoding alikuwa amesikia akiwa nyuma ya ghala. Nilitegemea matusi. Alinisindikiza hadi barabarani, na pikipiki ilipofika akasema, "Mimi nilidhani wewe ni msichana ya haya. Kumbe kimya yako iko na meno." Kisha akasema atakutafuta kwa simu akuombe radhi kwa neno la kiazi. Alisema hajui ataanzaje. Akipiga, pokea.

Sina la kukushauri kuhusu kunisamehe. Hilo si jambo ambalo mama humfundisha mtoto, na mimi ndiye wa mwisho kulifundisha. Ninalo neno moja tu nililolipata kwa gharama ya ndugu yangu, na nakupa. Mtu unayemheshimu, kagua nyuma yake. Gusa koki aliyoigusa. Akikasirika, mwache akasirike. Kama ungenikagua jioni ile ningeona haya usiku mmoja, na mtoto yule sasa angekuwa anakaa mwenyewe mkekani. Uliniheshimu kuliko nilivyostahili, na nikajificha ndani ya heshima hiyo kama panya ndani ya gunia.

Bomba lako la shaba lilikuwa zima. Chujio lako lilikuwa zima. Tangi uliloliunga mwenyewe halikuvuja hata tone kwa miezi saba. Nataka uyasome haya mara mbili, maana najua utaruka ukitafuta mahali pa kujilaumu. Hapana mahali. Nimepatafuta kabla yako, kwa kupenda, kwa sababu ningepata hata kidogo ningekugawia.

Kesho nitakupa barua hii kabla ya chai, kisha nitakaa jikoni. Utaona begi lako ni zito kuliko ulivyolifunga. Zile spana ulizozitia kwenye gunia ukasema niwape vijana wa gereji, nimezifuta kutu moja moja na kuzipanga chini ya nguo. Koti la mvua ulilonunua kwa ajili ya getini nimelitoa. Ukifika kwa yule bwana, mwambie ulikosea kwenye simu. Mwombe akuonyeshe gari lake linalovuja kuliko yote, tega sufuria chini yake, uanze hapo. Ukitaka mafuta ya chipsi, yatumie. Usipotaka kuyanusa tena maisha yako yote, nitaelewa.

Hilo si ombi. Ni agizo, na ni la mwisho ninaloweza kukupa nikiwa mama yako. Litii hata kama mengine yote utayakataa.

Ukimaliza kusoma, hutalazimika kuja jikoni. Ukitaka kuja, na ukaona neno lile la zamani halitoki, mimi nina jina la ubatizo. Watu wote hulitumia isipokuwa wewe. Ni Skola. Niite hivyo, nitaitika.